Machozi ya Mtazamaji Katika Mbio za Magari

Mshabiki wa mbio za magari huruka, hulia na hukumbatia mtu asiyemjua kwa sababu ya jambo ambalo halimwongezei wala halimpunguzii kitu. Dereva akishinda, kombe ni la dereva na sifa ni za kampuni iliyounda gari. Akishindwa, hasara haimfikii mshabiki mfukoni. Mara nyingi hata uso wa anayeliliwa hauonekani, maana umefunikwa na kofia ngumu ndani ya chombo kinachopita kwa sekunde mbili tatu na kutokomea. Tangu enzi za magari yaliyokokotwa na farasi, wanafalsafa na watu wa dini wameuliza maswali mawili juu ya hali hii. La kwanza ni kama hisia hizo zina akili yoyote: kuna sababu gani ya kuhuzunikia kisicho chako? La pili ni kama ni safi, au ni furaha inayonunuliwa kwa kuhatarisha roho ya mtu mwingine. Swali la pili ndilo zito, lakini halifikiki bila kupitia la kwanza.

Mtu aliyeliuliza la kwanza kwa ukali ni Pliny Mdogo, mwandishi wa Kirumi aliyeishi mwishoni mwa karne ya kwanza na mwanzoni mwa ya pili. Katika Roma ya siku zake timu zilitofautishwa kwa rangi: nyekundu, nyeupe, buluu na kijani. Katika barua kwa rafiki yake, Pliny alishangaa maelfu ya watu wazima wanaotamani kama watoto kuona farasi wakikimbia na watu wakisimama juu ya magari. Laiti wangevutiwa na kasi ya farasi au ustadi wa dereva, alisema, kungekuwa na maana kidogo. Wanachokipenda ni kitambaa. Rangi zikibadilishwa katikati ya mbio, mapenzi yatahamia upande wa pili papo hapo, na wale madereva na farasi waliokuwa wakiitwa kwa majina wataachwa mataani.

Jaribio hilo la Pliny limekuja kufanyika kweli, ingawa taratibu kuliko alivyofikiria. Mwaka 2018 Lewis Hamilton alishinda Monza, uwanja ambao mashabiki wa Ferrari wanauhesabu kuwa nyumbani kwao, akazomewa jukwaani. Mwaka 2025 alivaa nyekundu ya Ferrari, na watu wa Monza wakampokea kama mwana wa nyumbani. Hapo Pliny amepata ushahidi wake: kitambaa kilibadilika na chuki ikayeyuka. Lakini upande wa pili kuna umati wa watu waliomfuata Hamilton tangu akiwa McLaren, wakahama naye kwenda Mercedes mwaka 2013, kisha wakahamia kwa timu ambayo kwa miaka mingi walikuwa wakiiombea mabaya. Hao hawakupenda kitambaa. Pliny, kwa hiyo, alikuwa sahihi nusu tu, na ile nusu aliyoikosa ndiyo inayoeleza machozi. Mpita njia anayetazama mbio kwa mara ya kwanza anaweza kushangaa, kuogopa kelele, hata kufurahia, kulia hawezi. Hamilton aliposhinda Silverstone tarehe 7 Julai 2024 na kumkumbatia baba yake huku akilia, aliyeelewa ni yule aliyekumbuka kwamba hakuwa ameshinda tangu Desemba 2021, na aliyekumbuka kilichotokea katika mbio zilizofuata ushindi ule wa mwisho. Hisia za mshabiki zinasimama juu ya kumbukumbu. Kwa maana hiyo zina akili, hata kama si akili ya faida na hasara.

Zinaweza pia kupita mpaka, na Warumi walilijua hilo. Pliny Mzee, mjomba wa huyu wa kwanza, amesimulia kwamba kwenye mazishi ya Felix, dereva wa timu nyekundu, shabiki mmoja alijitupa ndani ya moto uliokuwa ukiuteketeza mwili wa kipenzi chake. Mashabiki wa timu pinzani hawakukubali sifa hiyo imwendee Felix: wakadai kwamba yule mtu alizidiwa na harufu ya manukato akaanguka. Yeyote aliyewahi kusikiliza mabishano ya mashabiki kijiweni atatambua mara moja kwamba miaka elfu mbili haijabadilisha kitu.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa jinsi kumbukumbu inavyozaa mapenzi. Mbio zilizokuja kuitwa Safari Rally zilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa asili yake huu ulikuwa mchezo wa walowezi, na ungeweza kufa pamoja na ukoloni. Haukufa, kwa sababu ulipita mbele ya nyumba za watu. Magari hayakuzunguka ndani ya uwanja wenye tiketi. Yalikatiza vijijini, kwenye tope na vumbi, katika barabara zilezile ambazo wenyeji walizitumia kwenda sokoni, na kwa miaka mingi yalikuja wakati wa Pasaka, watu wakiwa nyumbani. Mtoto aliyesimama kando ya barabara alimwona dereva anayetajwa redioni akisukuma gari lake kutoka kwenye tope lileile lililokwamisha basi la jana.

Ndiyo maana umati ulimpenda Joginder Singh. Fundi huyu wa Nairobi, Kalasinga mwenye kilemba, alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokuwa imeshatumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976. Watu walimwita Simba. Kati ya ushindi wa kwanza na wa pili, maelfu ya Wahindi waliihama Kenya, hasa miaka ya 1967 na 1968, kwa hofu ya sheria mpya za uraia na ajira. Jirani huko Uganda, Idi Amin aliwafukuza mwaka 1972. Pasaka iliyofuata, mwaka 1973, mshindi wa Safari alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala. Alikuja kushinda mara tano kwa jumla, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Isisemwe kwamba shangwe za barabarani zilifuta ubaguzi, kwa sababu hazikufuta. Zilionyesha tu kwamba kwa siku chache kila mwaka mtu aliweza kusema “dereva wetu” bila kuuliza babu yake alitoka bandari gani. Wanasiasa wengi hawajafikia hapo.

Kama hisia hizi zina mizizi, linabaki suala la kama ni busara kuziacha zikue. Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa na aliyekuja kufundisha Nicopolis huko Ugiriki, aliwaelekeza wanafunzi wake namna ya kutazama mashindano. Si lazima kwenda mara kwa mara, alisema. Na anayekwenda atamani tu kitokee kile kitakachotokea, na ashinde yule atakayeshinda. Hivyo hakuna kitakachomkwaza. Kimantiki ushauri huu hauna dosari. Dosari yake ni kwamba anayeweza kuufuata angeweza pia kubaki nyumbani.

Mapokeo ya Kiislamu yana tukio linaloligusa jambo hilohilo kwa upole zaidi. Katika Sahihi Bukhari, kwa mapokezi ya Anas, inasimuliwa kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Adhbaa, ambaye hakuwa akipitwa mbioni. Akaja Bedui mmoja na ngamia wake kijana akampita. Waislamu waliokuwepo wakalemewa na jambo hilo, mpaka Mtume akalitambua katika nyuso zao, akawaeleza kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kinachopanda juu katika dunia hii ila naye hukishusha. Inafaa kuangalia kisichokuwamo katika simulizi hii. Hamna karipio kwamba wamehuzunika kwa ajili ya mnyama aliyeshindwa mbio. Huzuni inaachwa ibaki, inawekewa mpaka: kilichoshuka leo kilikuwa lazima kishuke siku moja. Epictetus anamtaka mtazamaji asiumie. Hapa anaruhusiwa kuumia, mradi ajue anaumizwa na kitu cha dunia.

Tofauti hiyo ina uzito katika mbio za magari kuliko katika michezo mingi, kwa kuwa ushindi hapa huweza kuponyoka kwa sababu ya bomba lililopasuka. Novemba 1998, katika rali ya Uingereza, Carlos Sainz na msoma njia wake Luis Moya walihitaji kufika tu ili wawe mabingwa wa dunia. Mpinzani wao Tommi Mäkinen alikuwa ameshatoka mashindanoni siku ya kwanza na amekata tamaa. Zikiwa zimebaki mita mia chache kufika mwisho wa hatua ya mwisho, injini ya Toyota yao ilikufa. Moya alivunja kioo cha nyuma cha gari kwa kofia yake. Miaka kumi baadaye, tarehe 2 Novemba 2008 huko São Paulo, Felipe Massa alikata utepe wa kwanza mbele ya watu wa mji wake, na jamaa zake wakaanza kusherehekea ubingwa ndani ya gereji ya Ferrari. Kulikuwa na mvua. Kwenye kona za mwisho za mzunguko wa mwisho Lewis Hamilton alimpita Timo Glock, akashika nafasi ya tano na kuchukua ubingwa kwa pointi 98 dhidi ya 97. Massa alikuwa bingwa kwa muda usiofika dakika moja. Mwaka 2016 kwenye saa 24 za Le Mans, Toyota namba 5 iliongoza ikiwa imebaki kama dakika tatu na nusu. Kazuki Nakajima akatangaza kwenye redio kwamba gari limekosa nguvu, likasimama mbele ya majukwaa, na Porsche ikapita. Porsche wenyewe, waliopata ushindi huo, walitoa salamu za heshima kwa Toyota.

Naivasha nayo ina tukio la aina hiyo. Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwezi Juni 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, Thierry Neuville aliamka Jumapili akiongoza kwa karibu dakika moja. Hatua ya kwanza ya siku hiyo, Loldia, ilimvunjia gari upande wa nyuma, na Sébastien Ogier akashinda. Waliokesha Naivasha kumsubiri Neuville walimaliza siku wakimshangilia mwingine, wengine wakisema haikuwa riziki yake.

Aristotle alifundisha kwamba tamthilia ya huzuni huamsha huruma na hofu: huruma kwa anayepatwa na baya asilolistahili, hofu kwa kuwa anafanana nasi. Masharti hayo yanatimia kwa Sainz na kwa Massa bila kupungua hata moja, pamoja na yale mageuko ya ghafla ambayo Aristotle aliyahesabu miongoni mwa nguvu kuu za tamthilia hiyo. Tofauti ni moja, na ni kubwa. Tamthilia ina mtunzi, na mtazamaji anajua kwamba maumivu yamepangwa yamfae. Le Mans haina mtunzi. Aliyelia mwaka 2016 hakuwa na mtu wa kumlaumu wala wa kumshukuru, na kwa sababu hiyo swali lake lilipanda juu, kwa Mungu au kwa bahati, kila mmoja kwa imani yake. Yumkini hili ndilo linalowafanya watu wasio na dini yoyote kuzungumza lugha ya majaliwa wanapokuwa uwanjani. Na pale mtu wa kulaumiwa anapopatikana, huzuni hugeuka hasira mara moja. Tarehe 12 Desemba 2021 huko Abu Dhabi, msimamizi wa mbio aliruhusu baadhi tu ya magari yaliyozungukwa yapite gari la usalama, mbio zikaanza upya kwa mzunguko mmoja, na Max Verstappen akamnyang’anya Hamilton ubingwa. Shirikisho la FIA lilikuja kukiri kwamba lilikuwa kosa la kibinadamu, matokeo yakabaki yaleyale. Miaka imepita na mabishano hayajaisha, ilhali hakuna anayebishana juu ya injini ya Sainz. Kudra huvumilika, dhuluma haivumiliki.

Hapo ndipo swali la pili linaposimama. Hisia zinazoshindwa kutulia kwa sababu ya pointi moja zinakuwaje roho inapokuwa hatarini, na je, hatari hiyo ndiyo iliyowaleta watu?

Wakristo wa kwanza wa Afrika ya Kaskazini walijibu kwamba ndiyo. Tertullian wa Karthago, akiandika yapata mwaka 200, aliwakataza waumini kwenda kwenye mbio za farasi, kwa kuwa viwanja viliwekwa wakfu kwa miungu na kwa kuwa umati hupandwa na wazimu kabla hata mbio hazijaanza. Karne mbili baadaye Augustino alisimulia katika Maungamo habari za rafiki yake Alypius, ambaye wenzake walimburuta kwenda kutazama wapiganaji wa Roma. Alypius alifumba macho. Umati ukapiga ukelele, akayafumbua, na tangu dakika hiyo akalewa damu. Augustino anasema alipata jeraha la roho lililozidi jeraha la yule aliyeanguka mchangani. Mshairi Lucretius, aliyetangulia wote hao, alikuwa na maelezo ya upole zaidi: kuna utamu wa kuwa ufukweni na kutazama chombo cha mwingine kikipigwa na mawimbi, utamu usiotokana na kufurahia taabu yake, ila na kuona jinsi wewe ulivyosalimika.

Maelezo ya Lucretius yanahitaji ufuko imara, na mbio za magari haziutoi. Tarehe 11 Juni 1955 gari la Mercedes la Pierre Levegh liligonga gari lingine mbele ya majukwaa ya Le Mans, likaruka na kusambaratika katikati ya watu. Watazamaji zaidi ya 80 walikufa pamoja na Levegh. Mbio ziliendelea, waandaaji wakieleza kwamba umati ukiondoka kwa pamoja ungeziba njia za magari ya wagonjwa. Hoja hiyo ina nguvu kuliko wengi wanavyoikubali. Isiyo na utetezi ni sherehe: Mercedes waliyaondoa magari yao usiku, ilhali mshindi Mike Hawthorn alipigwa picha na shampeni. Uswisi ilipiga marufuku mbio za viwanjani kwa miongo mingi kwa sababu ya siku ile.

Lakini Alypius hafai kuwa kielelezo cha kila mtazamaji. Katika uwanja wa wapiganaji, kifo ndicho kilicholengwa. Mshangiliaji alikiomba kwa kelele na alipokipata aliridhika. Katika mbio za magari kifo kikitokea huharibu kila kitu. Ajali ndiyo inayomfichua mtazamaji alikuja kutafuta nini, kwa sababu kwa sekunde kadhaa hana muda wa kujifanya. Tarehe 29 Novemba 2020 huko Bahrain, katika mzunguko wa kwanza, gari la Romain Grosjean lilipenya uzio wa chuma, likakatika vipande viwili na kuwaka moto. Televisheni haikurudia picha hizo mpaka ilipojulikana kwamba ametoka. Alikaa ndani ya moto sekunde 28, kisha akatoka akiruka uzio, daktari akimvuta. Mashabiki wa kila timu waliomwona akichechemea waliangua kilio cha furaha, kwa ajili ya dereva wa gari lililokuwa miongoni mwa yale ya nyuma kabisa. Kama walichokuja kutafuta ni damu, ile furaha haina maelezo.

Utetezi huo usipokelewe mzimamzima. Upinde wa chuma uliokilinda kichwa cha Grosjean ulikuwa umelazimishwa mwaka 2018, na mashabiki wengi waliupinga. Walisema unaharibu sura ya gari, wengine wakaongeza kwamba unaondoa ladha ya ujasiri. Hawakumtakia dereva yeyote mabaya. Walitaka tu hatari ibaki ikionekana, kwa sababu bila hatari ustadi hauna wa kushindana naye. Kuitamani hatari na kuyatamani madhara ni mambo mawili, na mshabiki mwema hutamani la kwanza na kuliogopa la pili. Tatizo ni kwamba hatari haitoi dhamana ya kukoma pale anapotaka yeye. Na jibu la kawaida, kwamba madereva wamekubali wenyewe, linaacha nje jambo moja. Ridhaa ya dereva haiko peke yake. Inalelewa na mapenzi ya umati, na mtu anayeitwa Simba kila anapopita hawezi kupima hatari kama fundi asiyejulikana.

Wakati mwingine mapenzi yenyewe ndiyo huwa ajali. Katikati ya miaka ya 1980 rali za Ulaya zilikuwa na magari yenye nguvu ya kupindukia yaliyojulikana kama Group B, na ikawa desturi kwa watu kusimama katikati ya njia na kuruka pembeni gari linapofika, wengine wakijaribu kuligusa. Machi 1986 nchini Ureno, gari la Joaquim Santos liliingia ndani ya umati, watu watatu wakafa na makumi wakajeruhiwa. Madereva wa timu kubwa walikataa kuendelea. Miezi miwili baadaye Henri Toivonen na msoma njia wake Sergio Cresto waliteketea Corsica, na magari ya aina hiyo yakaondolewa kuanzia msimu wa 1987. Kukataa kwa madereva wa Ureno ni moja ya matukio machache ambapo anayetazamwa alimgeukia mtazamaji na kumwambia kwamba naye ana wajibu. Mtu anayesogea mbele ya utepe pale Naivasha apate picha nzuri ya simu anamfanya dereva kuwa muuaji bila hiari yake, na hilo haliwezi kuitwa mapenzi kwa dereva.

Kifo kinapokuja, mashabiki huazima mila za kidini kwa kuwa mchezo hauna za kwake. Mwaka 1912 Émile Durkheim alieleza jinsi watu wanaokusanyika hupata msisimko wa pamoja ambao kila mmoja peke yake hangeufikia, akaona humo chimbuko la dini. Maranello, kwenye kiwanda cha Ferrari, kengele za kanisa hupigwa timu inaposhinda. Tarehe 31 Agosti 2019 kijana Anthoine Hubert alikufa kwenye mbio ndogo huko Spa. Kesho yake, mzunguko wa 19 ulipofika katika mbio kubwa, majukwaa yote yalisimama na kupiga makofi, kwa kuwa 19 ilikuwa namba ya gari lake. Charles Leclerc, rafiki yake tangu utotoni, alishinda siku hiyo kwa mara ya kwanza katika Formula 1 na akashindwa kusherehekea. Je, hii ni ibada ya sanamu, kama Tertullian angedai? Inaelekea hapana. Ibada huahidi, na makofi ya Spa hayakumwahidi Hubert chochote. Swali la dini linabana zaidi kwenye mambo madogo, kama pale Safari ya mwaka 2024 ilipopangwa kati ya 28 na 31 Machi, Ijumaa Kuu na Pasaka zikiwa humo, na muumini wa Nakuru akalazimika kuchagua kati ya misa na vumbi.

Suala gumu kuliko ibada ya sanamu ni la mizani. Tarehe 30 Aprili 1994 Roland Ratzenberger wa Austria alikufa Imola akitafuta nafasi ya kuanzia. Kesho yake alikufa Ayrton Senna katika kona ya Tamburello. Brazil ilitangaza siku tatu za maombolezo, na umati uliojipanga barabarani São Paulo ulikadiriwa kupita milioni moja. Ratzenberger alizikwa Salzburg na watu wachache. Max Mosley, rais wa FIA, alichagua mazishi hayo kwa sababu wengine wote walikuwa wakienda kwa Senna. Roho mbili ni sawa mbele ya Mungu, na machozi hayakuwa sawa hata kidogo.

Si haki kuwashutumu Wabrazil. Kama machozi husimama juu ya kumbukumbu, wao walikuwa na kumbukumbu ya mataji matatu, na ya mwaka 1991 Senna aliposhinda Interlagos gia ikiwa imekwama kwenye sita, amechoka kiasi cha kushindwa kuinua kombe. Ratzenberger alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Hakuna anayeweza kumlilia asiyemkumbuka. Kinachoweza kudaiwa ni kwamba wajibu usifuate machozi: ulinzi usipimwe kwa umaarufu. Wiki mbili baada ya Imola madereva waliufufua umoja wao huko Monaco, na masharti mapya ya magari na viwanja yaliyofuata yalimlinda wa mwisho kama wa kwanza. Ilipita miaka ishirini kabla ya dereva mwingine kuumia hadi kufa katika mbio za Formula 1, Jules Bianchi, aliyepata ajali Suzuka mwaka 2014 na kufariki mwaka uliofuata.

Katikati ya miaka hiyo walikufa wengine ambao hawakuwa madereva. Tarehe 10 Septemba 2000 Michael Schumacher alishinda Monza, akafikisha ushindi wa 41 kama Senna, na alipoulizwa maana yake mbele ya waandishi aliangua kilio. Mashabiki wanaikumbuka saa ile. Siku hiyohiyo, katika mzunguko wa kwanza, gurudumu lililochomoka lilimuua Paolo Gislimberti, mzima moto aliyekuwa kazini kando ya njia. Miezi sita baadaye gurudumu lingine lilimuua Graham Beveridge, msimamizi wa kujitolea huko Melbourne. Nyaya zinazozuia magurudumu yasiruke gari linapovunjika, ambazo zilikuwepo tayari, zimeimarishwa tangu wakati huo.